Mkwaju wa Kufunga

Mashine ikizimwa saa kumi na mbili jioni, pale Pasua,
sikio langu huendelea kusaga kwa nusu saa zaidi.
Nanawa mpaka viwiko, navuka barabara
hadi kwa Elinisafi, fundi simu,
ambaye nyuma ya kaunta ana kompyuta moja isiyo na N
(iling'oka; unabonyeza kifundo cha mpira kilichobaki).
Na bado unga unafika kabla yangu.
"Kaka Ndesario, leo umesaga dona,"
anasema, akipuliza vitufe.

Somo la kwanza lilikuwa midomo ya kuku:
mmoja umetazama kushoto, mmoja kulia,
katikati neno.
Hilo ni agizo, akasema. Msomaji halioni,
anaona kilichoagizwa.
Na ulichokifungua, kifunge. Kwa mkwaju.

Nikacheka. Mkwaju ninaoujua mimi ni wa uji,
na mwingine ulikuwa wa Mwalimu Kileo, darasa la nne.
Huu wa tatu ni kijiti tu kilichoegemea hewa,
na ndio mkali kuliko yote.

Maana niliusahau.
Nilitaka neno moja lilale, neno "dona",
lilale kidogo kwa madaha, kama kofia ya bwana harusi.
Sikulifunga,
na ukurasa mzima ukalala nalo:
bei, namba ya simu, jina la marehemu baba,
vyote vimeinama upande mmoja
kama migomba ya Uru baada ya mvua ya upepo.
Elinisafi hakunionyesha kosa. Alikwenda kuchemsha chai.
Nililitafuta kama jiwe ndani ya debe la mahindi,
kwa kidole, punje kwa punje,
na chai ikapoa.

Ukurasa una kichwa na una mwili.
Kichwa hukioni, lakini kipo.
Jambo hili halihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Moshi,
mwezi wa Julai.

Wiki ya tano tukaingia kwenye amri zinazotenda.
Ikiwa hivi, fanya vile; la sivyo, fanya kingine.
Nikaona hapa ndipo shida yangu ilipokuwa ikiningoja.
Ikiwa umeme upo, andika TUNASAGA.
La sivyo, andika TUMEFUNGA, USITEREMKE.
Maana wanateremka na debe kichwani mwendo wote ule,
wanakuta mkanda umelala.
Na juu kabisa nikaweka kitufe cha urembo:
ukikibonyeza, kinakuamkia.
Elinisafi alisema hakina kazi.
Nikamuuliza, tangu lini adabu ikawa na kazi?

Jumanne umeme ulikatika saa mbili na robo asubuhi.
Saa nne akafika Bi Apaikunda,
jasho limeshuka mpaka kwenye kanga,
debe kichwani, simu mkononi.
"Imeandika mnasaga."

Nikaitazama. Kweli, iliandika.
Ijumaa nilikuwa nimeiambia, umeme: kweli,
nayo haikuwa na sababu ya kunitilia shaka.
Haioni nguzo. Haisikii mashine.
Inashika neno la mwisho nililoiambia
kama mtoto uliyemwambia kaa hapa, narudi sasa hivi.

Nikamtua debe. Nikampa kiti, kile chenye mto.
Akabonyeza kitufe.
Shikamoo, kikasema kioo.
"Marahaba," akajibu, bila kutabasamu,
akabonyeza tena, akajibu tena,
mara ya tatu akakiuliza habari za nyumbani,
akasubiri.
Kisha akaniinulia uso:
"Mtoto wako ana adabu.
Sasa mfundishe kuchungulia dirishani kabla hajasema."

Usiku, kwa mwanga wa simu, nilibadilisha neno moja.
Umeme: si kweli.
Nikahesabu mikwaju yote, mmoja mmoja, nikalala.

Saa tisa taa ya chumbani ikawaka yenyewe.
Nikaamka, nikabadilisha tena.